Mfichuzi ajibiwe kwa hati, asifukuliwe maisha yake

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo ambalo limeniudhi kwa muda mrefu, na ambalo naamini magazeti yetu yana uwezo mkubwa wa kulirekebisha. Kila mara mtu anapojitokeza na hati zinazoonyesha kwamba fedha za umma zimeibwa, au kwamba bidhaa inayouzwa kwa watu ina hatari iliyofichwa, hazipiti siku nyingi kabla hatujaanza kusoma habari za mtu huyo mwenyewe: ameoa na kuacha mara ngapi, zamani alifukuzwa kazi gani, anadaiwa na nani, ni wa kabila gani, hulewa au halewi. Zile hati alizozileta hubaki pale pale zilipowekwa, hakuna anayezifungua. Msomaji anayefuatilia habari hizo tangu mwanzo hujikuta anamfahamu vizuri aliyefichua wizi na hajui lolote kuhusu aliyeiba.

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu hadi nilipostaafu, na katika kazi hiyo kuna maswali mawili ambayo mkaguzi hulazimika kuyatenganisha tangu siku ya kwanza. Moja ni kama vocha, yaani hati ya malipo, iliyo mbele yake ni ya kweli. Jingine ni kama aliyemletea habari zake ni mtu wa kuaminika. Swali hili la pili lina nafasi yake, kwa sababu mwenye chuki anaweza kughushi na mwenye njaa anaweza kutumwa, lakini haliwezi kulijibu lile la kwanza. Vocha ya kughushi ikiletwa na mcha Mungu hubaki ya kughushi, na vocha halali ikiletwa na mlevi hubaki halali. Anayetaka kujua ukweli atakwenda benki kuulizia malipo, atakwenda bohari kuhesabu mali, atalinganisha sahihi. Anayekwenda kumuuliza jirani kuhusu ndoa ya mleta habari hatafuti ukweli wa vocha. Anatafuta namna ya kutoizungumzia.

Mfano ninaourejea ni wa Marekani, kwa sababu huko jambo lilifikishwa mbele ya Seneti na mkosaji akakiri mbele ya watu. Mnamo Novemba 1965 mwanasheria kijana aitwaye Ralph Nader, mzaliwa wa mji mdogo wa Winsted katika jimbo la Connecticut na mwana wa wahamiaji kutoka Lebanon, alichapisha kitabu kilichowashutumu watengenezaji wa magari kwa kujali umbo na faida kuliko uhai wa abiria. Gari alilolishutumu kwanza ni Chevrolet Corvair ya kampuni ya General Motors, ambalo injini yake ilikaa nyuma, na ambalo Nader alidai kwamba miundo yake ya mwanzo iliweza kumponyoka dereva kwenye kona kwa sababu ya jinsi magurudumu ya nyuma yalivyofungwa. Kampuni hiyo ilikuwa na wahandisi wengi, ilikuwa na viwanja vyake vya majaribio, na ilikuwa na fedha za kununua kurasa nzima za magazeti siku yoyote iliyotaka. Ilikuwa na kila kitu cha kumjibu kijana huyo kwa vipimo.

Badala yake ikaajiri wapelelezi wa kibinafsi, wakiongozwa na mtu aliyewahi kuwa ofisa wa FBI, shirika la upelelezi la serikali ya Marekani. Wapelelezi hao waliwaendea watu waliosoma na Nader, waliofanya naye kazi na waliokuwa marafiki zake, wakijifanya kwamba kuna mwajiri anayetaka kumpa kazi na ambaye angependa kujua tabia zake. Waliuliza kwa nini hajaoa. Waliuliza kama anakunywa pombe, kama anatumia dawa za kulevya, ana siasa gani, na kama asili yake ya Kiarabu inamfanya awachukie Wayahudi. Nader mwenyewe alilalamika kwamba alipigiwa simu za usumbufu usiku, na kwamba wanawake asiowajua walimkaribia madukani wakimshawishi afuatane nao, ingawa kampuni ilikana kuwatuma wanawake hao. Katika maswali yote hayo hakuna hata moja lililohusu gurudumu la nyuma la Corvair.

Mambo yalifichuka kwa sababu Nader alikuwa shahidi wa kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Abraham Ribicoff, na kumsumbua shahidi wa Bunge ni kosa kubwa katika nchi ile. Tarehe 22 Machi 1966 rais wa General Motors, James Roche, aliketi mbele ya kamati hiyo na kuomba radhi. Wapelelezi wake walikuwa wamezunguka kote huko na hawakupata doa la kumpaka Nader. Septemba mwaka huo huo Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoipa serikali kuu mamlaka ya kuweka viwango vya usalama wa magari. Nader alishtaki kwa kuingiliwa faragha yake, na mwaka 1970 kampuni ikakubali kumlipa dola 425,000, fedha ambazo alizitumia kuendeleza kazi ile ile ya kuwatetea wanunuzi.

Kuna mambo mawili katika kisa hicho ambayo hayasimuliwi sana, na mimi nayaona kuwa ndiyo yenye uzito zaidi kwetu. Kabla ya malipo hayo, mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliamua kwamba kunasa simu ya mtu na kumfuatafuata kupita kiasi kunaweza kuwa kosa la kuingilia faragha, lakini kuwauliza tu watu wanaomfahamu habari zake hakuwi kosa la aina hiyo, hata kama maswali yenyewe ni ya kuudhi. Maana yake ni kwamba hata huko sheria haikumlinda mfichuzi kikamilifu. Sehemu kubwa ya yale aliyotendewa ilikuwa halali. Kilichowazuia wakubwa wa kampuni wasiendelee ni kwamba maswali yao yalijulikana na wananchi wakayaona kuwa aibu.

Jambo la pili ni kwamba mwaka 1972 idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa barabarani ilitoa ripoti iliyosema kwamba Corvair za mwaka 1960 hadi 1963 hazikuwa mbaya kuliko magari mengine ya aina hiyo ya wakati ule. Wapo wanaoitumia ripoti hiyo kumkejeli Nader. Mimi naiona kwa namna nyingine. Hiyo ndiyo aina ya jibu ambalo kampuni ingeweza kulitafuta tangu siku ya kwanza: chukua gari, lipeleke uwanjani, lipime mbele ya watu, na kama mlalamishi amekosea aonyeshwe alipokosea. Anayeamini kwamba amesingiziwa ana njia hiyo wazi mbele yake, na njia hiyo haimhitaji mtu kuulizwa kwa nini hajaoa.

Miaka mitano baada ya Roche kuomba radhi hali ikawa mbaya zaidi, na safari hii aliyefukua maisha ya mtu alikuwa serikali. Juni 1971 magazeti ya Marekani yalianza kuchapisha nyaraka za siri kuhusu vita vya Vietnam alizokuwa amezitoa Daniel Ellsberg, na nyaraka hizo zilionyesha kwamba serikali kadhaa zilizofuatana ziliwadanganya wananchi kuhusu vita hivyo. Septemba mwaka huo watu waliotumwa kutoka ofisi za Rais Richard Nixon walivunja na kuingia usiku katika ofisi ya daktari wa akili aliyekuwa akimtibu Ellsberg huko California, wakitafuta katika jalada la mgonjwa jambo la kumwaibisha. Tafakari, Mhariri, kwamba swali lililokuwa mbele ya taifa lilikuwa kama watawala walisema uongo kuhusu vita vilivyoua maelfu ya watu, na jibu likaenda kutafutwa katika kabati la daktari. Jambo hilo lilipojulikana, pamoja na mengine kama hayo, jaji alifuta mashtaka yote dhidi ya Ellsberg mnamo Mei 1973, na wizi ule ukawa sehemu ya sakata lililomwondoa Nixon madarakani mwaka uliofuata.

Nimeanza na Marekani, lakini sisi hatuna haja ya kusafiri kutafuta mifano. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, David Munyakei alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya. Katika makaratasi yaliyopita mikononi mwake aliona fedha nyingi mno zikilipwa kwa kampuni ya Goldenberg International kama fidia ya kuuza dhahabu na almasi nchi za nje. Sheria iliruhusu wauzaji bidhaa nje walipwe fidia ya asilimia 20, lakini kampuni hiyo ilikuwa imekubaliwa kulipwa asilimia 35, na hiyo kwa nchi isiyochimba almasi na ambayo dhahabu yake ilikuwa kidogo sana. Mtu yeyote aliyewahi kushika daftari la hesabu angeshtuka. Munyakei alishtuka, na nakala za makaratasi hayo zikawafikia wabunge wa upinzani, kisha zikafika Bungeni.

Kilichomfika kinajulikana. Alikamatwa, akashtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali, na ingawa mashtaka yaliondolewa, kazi yake haikurudi. Alikimbilia Mombasa, mji huu ninaoandikia barua hii, akaanza maisha mapya mbali na benki. Serikali mpya ilipoingia na kuunda tume ya Jaji Samuel Bosire mwaka 2003 kuchunguza kashfa hiyo, Munyakei aliitwa kutoa ushahidi, na mwaka 2004 Transparency International, shirika linalopambana na rushwa, lilimtunukia tuzo ya uadilifu. Wakati wote huo alikuwa akiomba jambo moja tu, arudishiwe kazi aliyofukuzwa kwa kusema kweli. Alifariki mwaka 2006 akiwa bado kijana, bila kurudishwa. Hakuna mtu aliyewahi kuthibitisha kwamba makaratasi yake yalikuwa ya uongo.

Huyo alikuwa mtu mdogo ofisini. John Githongo alikuwa katibu wa kudumu, aliyeteuliwa mwaka 2003 kusimamia maadili na utawala bora katika ofisi ya rais mwenyewe, na cheo hicho hakikumkinga. Alipoanza kuchunguza mikataba ya serikali iliyoshukiwa kuwa ya ulaghai, iliyojulikana kama Anglo Leasing, ukiwemo ule wa mitambo ya kutengenezea pasipoti, alikumbana na shinikizo, na kwa maelezo aliyoyatoa hadharani baadaye, mojawapo ya mambo yaliyoletwa mbele yake ni deni la baba yake mzazi, akidokezewa kwamba akipunguza kasi ya uchunguzi deni hilo nalo lingepunguziwa makali. Alijiuzulu Februari 2005 akiwa Uingereza, na maelezo yake yakachapishwa mwanzoni mwa 2006. Nakumbuka mijadala ya miezi hiyo vizuri sana. Wapo waliouliza kama mikataba ilikuwa halali. Wengi zaidi waliuliza Githongo anafanya kazi ya nani, kwa nini alirekodi sauti za wakubwa zake, na kwa nini amekimbilia kwa Waingereza.

Wala sidai kwamba lazima iwe hivyo siku zote. Majirani zetu wa Tanzania walipita njia zote mbili katika jambo moja. Agosti 2007 Bunge lao lilimsimamisha Zitto Kabwe, wakati huo mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, baada ya kuhoji mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ambao waziri wa nishati na madini aliutia saini akiwa London. Hoja ikawa kwamba mbunge amemsingizia waziri, na mbunge ndiye aliyeadhibiwa. Lakini wananchi walikataa kulisahau swali la mkataba wenyewe, na kabla ya mwaka kwisha Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuchunguza mikataba ya madini, na Zitto Kabwe yule yule akateuliwa kuwa mjumbe wake. Kamati ilitoa ripoti mwaka 2008, na mwaka 2010 Tanzania ikapata sheria mpya ya madini. Mtu anaweza kubishana kuhusu kilichopatikana na kilichokosekana katika sheria hiyo. Lakini angalau ubishi ulirudi kwenye mrabaha, yaani sehemu ambayo mgodi huilipa serikali, na kwenye mikataba, mahali ulipopaswa kuwa tangu mwanzo.

Najua nitakachoambiwa, na ni hoja ninayoiheshimu. Nitaambiwa kwamba kazi ya gazeti ni kufukua, na kwamba wezi wa mali ya umma wangefurahi sana kama waandishi wangeogopa kuingia katika maisha ya watu. Sipingi. Kiongozi anayegombea kiti kwa shahada ambayo hakuisomea, afichuliwe. Mkurugenzi anayetoa zabuni kwa kampuni ya mkewe, ndoa hiyo ni habari ya umma na iandikwe kwa jina na tarehe. Anayetangaza mali kidogo na kumiliki nyingi, yaandikwe majumba yake yote. Katika kila mfano wa aina hiyo kuna kiungo kinachoonekana kati ya siri na fedha au mamlaka ya watu, na msomaji anaweza kukifuata mwenyewe. Ninachokipinga ni kufukua pasipo na kiungo: ugonjwa wa mtu ambao haumzuii kufanya kazi, talaka iliyokwisha zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, makosa ya ujana, aibu ya ndugu. Mambo hayo hutolewa kwa wakati maalumu, na kwa kawaida wakati huo ni siku chache baada ya mhusika kusema jambo lililowaudhi wenye nguvu.

Nao hawayatoi bure. Waandishi wanajua kuliko mimi jinsi bahasha zinavyofika kwenye vyumba vya habari, na siku hizi hazihitaji hata bahasha, picha hutumwa kwa simu usiku na asubuhi nchi nzima imeziona. Aliyezituma hatajwi. Maslahi yake hayatajwi. Mfichuzi wa wizi hutakiwa ataje jina lake, aonyeshe hati, aape mbele ya tume, ilhali mfichuzi wa aibu za mfichuzi hupewa heshima ya kuitwa chanzo cha kuaminika na hakuna anayemuuliza lolote.

Kuhusu sheria sitasema mengi, kwa sababu wanasheria wameyasema. Uganda ilipitisha sheria ya kuwalinda wafichuzi mwaka 2010, na Tanzania ikapitisha yake mwaka 2015. Hapa Kenya kuna vifungu vinavyosaidia katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 na katika Sheria ya Hongo ya mwaka huo huo, na kuna sheria ya kuwalinda mashahidi ya 2006, lakini miswada ya kumlinda mfichuzi hasa imezungushwa kati ya wizara na Bunge kwa zaidi ya miaka kumi. Karani wa leo aliye katika nafasi ya Munyakei ana haki ya kuuliza kwa nini. Hata hivyo, hata sheria nzuri hulinda kazi ya mtu na usalama wa mwili wake. Haiwezi kulinda jina lake dhidi ya ukurasa wa mbele wa gazeti, na katika jamii yetu, ambako mtu huishi na wazee wake na watoto wake husoma na watoto wa majirani, jina likishachafuliwa hata mwenye haki hushindwa kurudi kijijini kwao. Wafanyakazi wengine wa ofisi hiyo huona yaliyompata mwenzao. Nimefanya kazi na watu walioona mengi na wakanyamaza, na sikuwahi kusikia hata mmoja akisema kwamba anaogopa jela. Waliogopa wake zao, mama zao na watoto wao watasomewa nini.

Kwa hiyo ombi langu linakuhusu wewe, Mhariri, na wenzako, na halihitaji Bunge. Mtu anapoleta hati zinazohusu fedha au usalama wa umma, gazeti lichunguze hati hizo na kuchapisha matokeo kabla ya kuchapisha chochote kuhusu maisha yake ya faragha. Kama hati ni za kughushi, lisemwe hilo, na aliyeghushi aandikwe bila huruma, kwa maana hapo tabia yake ni sehemu ya habari. Kama gazeti linaona ni lazima kueleza historia yake, limwambie msomaji nani aliyeleta habari hizo na anahusiana vipi na walioshutumiwa, na kama mletaji hataki kutajwa wala maslahi yake kuelezwa, habari yake isichapishwe. Na ofisi iliyoshutumiwa ikijibu kwa kumzungumzia mlalamishi, mwandishi airudie kwa swali lile lile aliloanza nalo kuhusu mkataba, malipo au gari, na aandike kwamba halikujibiwa.

Ningefurahi kama gazeti lako lingeliandika hilo kuwa kanuni yake na kulichapisha katika kurasa zake mapema, kabla kampeni za uchaguzi mkuu wa 2027 hazijapamba moto, ili wasomaji tuweze kulikumbusha pale litakapoikiuka.

Wako mwaminifu,
Mkaguzi wa hesabu mstaafu,
Mombasa.